Klabu za kisiasa za California: orodha ya "tunaowaunga mkono" inavyotengenezwa, na namna ya kuisoma

Siku 29 kabla ya uchaguzi, kaunti zote za California huanza kutuma karatasi za kura kwa posta. Wiki hiyohiyo sanduku la barua hujaa kadi za rangi zenye majina na alama za tiki, kila moja ikidai ni "mwongozo wa mpiga kura". Kwa macho zinafanana. Lakini nyuma ya kadi moja kuna klabu ya kisiasa, yaani kundi la watu wa kujitolea: wanachama sitini waliosoma, wakahoji wagombea na kubishana hadi usiku, na nyuma ya nyingine kuna mtu mmoja anayeuza nafasi.

Anza na kinyota. Sheria ya jimbo inataka kadi za orodha zinazolipiwa ziweke alama ya * kando ya kila mgombea au hoja (pendekezo la sheria au kodi linalopigiwa kura na wananchi) iliyolipia nafasi yake, na zimtaje aliyezitoa. Ukikuta vinyota karibu kila mstari, hiyo ni biashara ya matangazo hata kama jina lililo juu linataja walimu, polisi au wastaafu. Kisha tafuta jina la klabu na uende kwenye tovuti yake. Klabu ya kweli ina katiba, tarehe ya kikao cha kura na masharti ya uanachama. Visipoonekana, kadi hiyo isikuongoze.

Kwa nini klabu hizi zina uzito California kuliko sehemu nyingi? Kwanza, nafasi za baraza la jiji, bodi ya shule na majaji hazina jina la chama kwenye karatasi ya kura. Mtu anakutana na majina matano asiyoyajua, yote bila bendera. Pili, tangu wapiga kura wapitishe Hoja 14 mwaka 2010, uchaguzi wa awali (mchujo) wa nafasi nyingi za jimbo na Bunge la Marekani unawaweka wagombea wote kwenye orodha moja, na wawili wa juu ndio wanaosonga mbele, hata wakiwa wa chama kimoja. Na kuna historia. Zamani mgombea aliweza kugombea kwenye mchujo wa vyama viwili kwa wakati mmoja, utaratibu uliodumu kuanzia 1913 hadi 1959, na vyama rasmi vilikuja kukatazwa na sheria kutaja chaguo lao kwenye mchujo. Katazo hilo lilifutwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1989. Katika miaka hiyo yote mashirika ya kujitolea ndiyo yaliyojaza pengo: upande wa Republican tangu 1934, upande wa Democratic kwa nguvu tangu 1953. San Francisco, klabu za Democratic za Alice B. Toklas (1971) na Harvey Milk (1976) zimekuwa zikitoa orodha kwa miongo kadhaa, na mara nyingine zinatofautiana kwenye nafasi ileile. Hakuna kosa hapo. Klabu si refa, ni kundi la watu wenye msimamo, na faida yake kwako ni kujua msimamo huo ni upi.

Sasa tuje kwa wanaotaka kuingia jikoni: kujiunga na klabu, au kuanzisha yenu.

Kalenda ndiyo inayowashinda wengi. Chukua uchaguzi wa Novemba 3, 2026. Fomu za wagombea wa nafasi za miji na bodi za shule hufungwa siku 88 kabla, yaani Agosti 7; aliyeko madarakani asiporudisha fomu, nafasi yake huongezewa siku tano. Hoja za jimbo zinakuwa zimeshajulikana siku 131 kabla, yaani Juni 25, lakini za jiji na kaunti hukamilika karibu na Agosti 7. Karatasi za kura zinaanza kutoka Oktoba 5. Kwa hiyo mna takriban wiki nane kwa kila kitu, na uchapaji pamoja na posta humeza wiki mbili. Ratiba inayowezekana ni hii: dodoso kwa wagombea wiki ya pili ya Agosti, majibu ndani ya siku kumi, mahojiano mwisho wa Agosti, kura ya wanachama kati ya Septemba 8 na 15. Klabu inayopiga kura Oktoba inazungumza na watu ambao tayari wana karatasi mezani, na baadhi yao wameshairudisha.

Dodoso liwe fupi. Maswali kumi na mawili yanatosha, na yaulize kazi halisi ya nafasi hiyo. Kumuuliza mgombea wa bodi ya maji msimamo wake kuhusu sera ya nje ni kupoteza muda wa wote. Muulize bei ya maji ilipangwaje, mabomba ya zamani yatabadilishwa kwa fedha zipi, na angepunguza nini kama bajeti ingepungua. Swali la Ndiyo au Hapana liambatane na nafasi ya maneno 75, kwa sababu "Ndiyo" tupu kila mtu huiandika. Chapisheni majibu yote kabla ya kikao, pamoja na majina ya waliokataa kujibu. Hilo la mwisho huwafanya wagombea wajibu haraka kuliko vikumbusho vya barua pepe.

Tukifika kwenye kura yenyewe, hapa ndipo klabu huvunjika. Klabu nyingi zinataka asilimia 60 ili kumuunga mkono mtu. Lakini asilimia 60 ya nini? Tuseme karatasi 60 zimepigwa: Mgombea A kura 31, Mgombea B kura 19, na 10 zimeandikwa "tusimuunge mkono yeyote". Kama hesabu ni ya karatasi zote, A alihitaji 36, ameanguka. Kama katiba inahesabu tu kura zilizokwenda kwa wagombea, jumla ni 50, kiwango ni 30, na A amepita. Karatasi zilezile, matokeo mawili, na kila upande una hoja. Andikeni neno kwa neno kwenye katiba, kabla ya msimu, jumla inayohesabiwa ni ipi, na karatasi tupu inaingia au haiingii. Ushauri wetu ni kuhesabu karatasi zote zenye alama, pamoja na za "yeyote". Mtu aliyekuja kikaoni na kusema hakuna anayefaa ametoa maoni, hajakaa kimya.

Kwa nafasi zenye viti viwili, mfano bodi ya shule, kosa la kawaida ni kuhesabu alama badala ya karatasi. Wapiga kura 40 wanaweza kuweka alama 80. Kiwango cha asilimia 60 ni karatasi 24, si alama 48. Na kama hakuna aliyefikia kiwango katika duru ya kwanza, duru ya pili iwe kati ya wawili wa juu pamoja na chaguo la "yeyote" palepale, kabla watu hawajaanza kuondoka. Akidi ihakikishwe tena kabla ya duru hiyo. Matokeo yaliyopatikana ukumbi ukiwa nusu tupu ndiyo yanayopingwa kesho yake.

Kisha kuna kujazana. Mgombea anawalipia ada marafiki thelathini, wanakuja siku ya kura, wanapiga, hawaonekani tena. Dawa ni tarehe ya ukomo: awe amejiunga na kulipa angalau siku 30 kabla ya kura. Klabu nyingine huongeza sharti la kuhudhuria kikao kimoja au viwili ndani ya mwaka. Msipandishe ada kwa kuogopa kujaziwa. Mtafungia nje wanaofanya kazi zamu mbili, na mwenye fedha bado atalipia watu wake. Kura za uwakilishi, yaani mtu kumpigia mwenzake asiyekuwepo, zikatazwe kabisa.

Wapiga kura wa San Francisco na Oakland hupanga wagombea kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Umeya wa Oakland mwaka 2010 ulionyesha maana yake: Don Perata aliongoza kwa chaguo la kwanza kwa tofauti kubwa, lakini Jean Quan ndiye aliyeshinda baada ya chaguo la pili na la tatu kuhesabiwa. Klabu inayotaja jina moja tu katika uchaguzi wa aina hiyo inaacha nusu ya kazi. Pigeni kura ya nafasi ya kwanza, kisha kura ya pekee ya nafasi ya pili, na kwenye kadi muandike namba. Tiki mbili kando ya majina mawili humfanya msomaji aweke wote nafasi ya kwanza, na chaguo hilo halihesabiki.

Hoja za kura zinahitaji kikao chake. Novemba 2024 kulikuwa na hoja 10 za jimbo, na wakazi wa San Francisco waliongezewa 15 za jiji, A hadi O. Huwezi kuzipitisha zote usiku mmoja baada ya mahojiano ya wagombea. Gawanyeni: mwanachama mmoja kwa kila hoja, dakika tatu za maelezo, dakika mbili kwa kila upande, kura. Anayeeleza ajibu mambo manne. Ndiyo inabadilisha nini hasa? Nani aliileta na nani anailipia? Inahitaji kiwango gani kupita? Na inagharimu nini?

Swali la kwanza linaonekana la kitoto hadi ukutane na kura ya kupinga sheria iliyokwisha kupitishwa. Hoja 25 ya mwaka 2020 ilihusu sheria iliyofuta dhamana ya fedha kwa watuhumiwa. Ndiyo ilimaanisha sheria ibaki, Hapana ilimaanisha dhamana ya fedha iendelee. Hapana ikashinda. Mtu aliyedhani "nakataa dhamana, naandika Hapana" alipigia kura kinyume cha moyo wake. Kwenye kadi yenu, kando ya Ndiyo au Hapana, wekeni maneno sita ya maana yake.

Fedha nazo husema. Hoja 22, mwaka huohuo, iliyowaweka madereva wa programu kama Uber na Lyft kuwa watu wa kujitegemea badala ya waajiriwa, ililipiwa na kampuni zenyewe kwa zaidi ya dola milioni 200, na ikapita. Kulipiwa na kampuni hakuifanyi hoja kuwa mbaya moja kwa moja, lakini mwanachama ana haki ya kulijua kabla hajainua mkono.

Viwango vya kupita havifanani, na klabu zinazosahau hilo hutoa ahadi hewa. Kodi ya jumla ya jiji hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Kodi ya kusudi maalumu iliyoletwa na baraza huhitaji theluthi mbili, urithi wa Hoja 13 ya mwaka 1978. Hatifungani za shule (mikopo ya umma inayolipwa kwa kodi) huweza kupita kwa asilimia 55 tangu Hoja 39 ya mwaka 2000. Kwa hatifungani za jiji au shule, msiishie kwenye jumla ya mamilioni. Tafuteni kwenye kijitabu cha wapiga kura kodi itakayoongezeka kwa kila dola 100,000 za thamani ya nyumba iliyokadiriwa. Hiyo ndiyo namba ambayo mtu anaweza kuizidisha na kuielewa.

Na mkubali kusema "hatuna msimamo". Si sawa na kupinga, na kadi itofautishe maneno hayo mawili.

Upande wa fedha tuseme kwa kifupi. Klabu ikipokea dola 2,000 au zaidi za shughuli za uchaguzi ndani ya mwaka wa kalenda, inakuwa kamati kisheria: Fomu 410 ya kujisajili ndani ya siku 10, mweka hazina, taarifa za fedha za Fomu 460, na jina, kazi na mwajiri wa kila aliyetoa dola 100 au zaidi. Wenye mazoea ya harambee wasikie hili vizuri: mchango wa taslimu wa dola 100 au zaidi hauruhusiwi. Bahasha za kuzungusha ukumbini ziachwe kwa arusi. Kuwatumia wanachama wenu orodha hakuhesabiwi kama matumizi ya kampeni. Kuisambaza kwa wasio wanachama ni jambo jingine, na mkianza kuwatoza wagombea gharama za uchapaji, mmeingia kwenye sheria ya vinyota.

Jumuiya nyingi za Waswahili na Wakongo hapa zimesajiliwa kama mashirika ya hisani ya 501(c)(3), kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kinachoyasamehe kodi, sawa na makanisa na misikiti. Tangu 1954 sheria ya kodi inayakataza kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Yanaweza kuwa na msimamo kuhusu hoja za kura kwa kiasi, kwa kuwa hilo huhesabiwa kama ushawishi wa sheria. Kwa hiyo msitumie barua pepe ya jumuiya, wala kundi lake la WhatsApp, kutangaza mgombea. Anzisheni klabu ya pembeni yenye akaunti yake ya benki, viongozi wake na orodha yake ya wanachama. Mkitaka hati ya chama, yaani kutambuliwa rasmi na chama, jueni kwamba klabu yenye hati ya Democratic haiwezi kumuunga mkono mgombea wa chama kingine, hata kwa nafasi isiyo na jina la chama.

Fomu ya kujiunga ikaguliwe pia. Baadhi ya klabu huweka fomu ya kujiandikisha kupiga kura juu ya meza moja na fomu ya uanachama. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia kampeni, na klabu nyingine zina uanachama usio na kura kwa watu kama yeye. Lakini akisaini fomu ya kupiga kura, hata kwa kudhani ni ya klabu, anaweza kupoteza uraia aliokuwa anausubiri na kuondolewa nchini. Meza mbili, watu wawili, na swali la uraia liulizwe kwa Kiswahili kabla kalamu haijatolewa.