Kabla ya kufufua biashara ya babu, tafuteni makaratasi

Ukoo wetu ulikuwa na kinu cha kukamulia alizeti Singida. Tulipoamua kukifufua, kundi zima la familia likaanza kubishania mashine. Mimi naishi Nashville, Marekani, na nilikuwa nimeshatembelea kiwanda cha wiski cha Nelson's Green Brier. Nikawaambia, jamani, mashine baadaye.

Charles Nelson, mzaliwa wa Ujerumani, alinunua kiwanda kijijini Greenbrier, Tennessee, mwaka 1870. Alipofariki mwaka 1891, mkewe Louisa akakiendesha mwenyewe, zama ambazo wanawake wengi wa Marekani hata kura ya kumchagua rais hawakuwa nayo. Mwaka 1909 jimbo likapiga marufuku pombe, kiwanda kikafungwa. Ikabaki hadithi ya kusimuliana nyumbani, hadi mwaka 2006, vining'ina wawili wa Charles, Andy na Charlie, walipofuatana na baba yao kwenda buchani Greenbrier wakakuta kibao cha kumbukumbu ya kiwanda kando ya barabara. Kwenye jumba la kumbukumbu la pale kulikuwa na chupa halisi za ukoo wao.

Vijana hawa hawakukimbilia kununua mtambo. Walichimba nyaraka na magazeti ya zamani, wakajua nafaka zilizotumika: mahindi, shayiri, na ngano badala ya rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza). Nanyi anzeni hapo. Waulizeni kina bibi na mashangazi; kwetu shangazi ndiye aliyekuwa na daftari la wateja, wakati wajomba walikuwa na hotuba tu. Kisha nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, mkasajili jina la biashara, na alama ya biashara pia, maana hivyo ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna suala la kula nini mkisubiri. Wiski hukaa kwenye pipa miaka, na benki haina subira hiyo. Ndugu hawa walinunua wiski iliyokwisha kukomaa kwa mtengenezaji mwingine, wakaichanganya wenyewe na mwaka 2012 wakaiuza kwa jina la Belle Meade, chapa ya enzi za babu yao. Kiwanda chao kikafunguliwa mwaka 2014. Wapo wanaoona huo ni ujanja. Kwangu ni akili, mradi mnunuzi haambiwi uongo. Sisi tulianza kwa kununua mafuta ya wakulima jirani, tukayachuja na kuyafungasha, na lebo ikasema hivyo hivyo.

Pesa za nje ziogopeni kidogo. Kampuni kubwa ya vinywaji, Constellation Brands, iliingia kwenye kiwanda cha ndugu hawa kwa hisa chache mwaka 2016, na mwaka 2019 ikachukua hisa nyingi zaidi. Siwalaumu hata kidogo, mapipa ni gharama. Ila mkubaliane mapema, kwa maandishi, kama jina la ukoo linauzwa pamoja na hisa. Kwetu tumeandika kwamba jina ni la ukoo na kampuni inalitumia kwa mkataba. Binamu mmoja bado hajasaini.