Maswali ya Wasomaji: Sahani ya Mtoto Isipunguzwe Bila Ushahidi

SWALI: Mshauri, nakusalimu wewe na wote mnaotuandalia ukurasa huu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Alipokuwa na miaka 2 daktari alithibitisha kwamba ana mzio wa maziwa ya ng'ombe na wa karanga, baada ya kuvimba midomo na kutapika dakika chache tu tangu ale. Mwaka uliofuata akatambuliwa kuwa na usonji. Hasemi maneno mengi, na vyakula anavyokubali vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: wali mweupe, viazi vya kukaanga, ndizi mbivu, mkate na aina moja ya biskuti. Wiki tatu zilizopita wifi yangu alinishauri niondoe ngano, akisema gluteni, protini ya ngano, na kaseini, protini ya maziwa, ndizo zinazochochea usonji. Tukalipia pia kipimo cha damu kilicholeta orodha ya vyakula 23 anavyoambiwa aviache, wali na ndizi vikiwamo. Mkate na biskuti nimeshaviondoa. Amepungua uzito, analala vibaya, na juzi alilia mbele ya sahani mpaka usingizi ukamchukua. Naogopa kumrudishia, na naogopa kutomrudishia. Nifanye nini?
Mama mwenye hofu

JIBU: Mama mpendwa, pole sana. Kumnyima mtoto chakula anachokililia, huku ukiamini kwamba ndiyo dawa yake, ni mzigo ambao mzazi hapaswi kuubeba peke yake, nami nakujibu kwa kirefu kwa sababu barua kama yako zinanifikia mara nyingi mno.

Nyumbani kwako kuna mambo matatu yaliyofungwa katika furushi moja. Maziwa na karanga vilimdhuru mwanao mbele ya macho yako, vipimo vikathibitisha, na marufuku yake haina mjadala. Vipo tena vyakula ambavyo yeye mwenyewe anavikataa kwa sababu ya harufu, rangi, ulaini au ukavu wake, na kukataa huko ni sehemu ya usonji. Kisha ipo orodha ya tatu, iliyotokana na maneno ya watu na karatasi ya kipimo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomnyang'anya mkate, na ndiyo ninayokuomba uiweke kando.

Sina shaka kwamba wifi yako anampenda mtoto. Dhana aliyokueleza ina historia ndefu: mwaka 1979 mwanasayansi Jaak Panksepp alipendekeza kwamba baadhi ya tabia za usonji zinafanana na athari za dawa za jamii ya afyuni mwilini, na baadaye wengine wakaihusisha dhana hiyo na vipande vya protini vinavyotokana na ngano na maziwa. Majaribio yaliyofanyika tangu hapo yamekuwa madogo na matokeo yake hayajakubaliana, ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa mwaka 2013, unaelekeza kwamba mlo usio na gluteni au kaseini usitumiwe kutibu dalili za msingi za usonji kwa watoto. Nawe una ushahidi wa karibu zaidi: kwa sababu ya mzio wake, mwanao hajala kaseini kwa miaka minne, na usonji wake haukuondoka.

Najua wapo wazazi wanaosimulia kwamba watoto wao walitulia walipoacha chakula fulani, na siwaiti waongo. Mtoto mwenye usonji akiumwa tumbo, akifunga choo au akisumbuliwa na kiungulia, huenda asiseme; atapiga kichwa ukutani, atakesha, atauma mkono wake. Kikiondolewa kinachomuumiza, anatulia kama ambavyo mtoto yeyote angetulia. Hapo kilichopona ni tumbo. Kwa hiyo mwanao akiwa na choo kigumu, kuharisha kwa muda mrefu au kujikunja baada ya kula, mpeleke achunguzwe, na umwombe daktari afikirie pia ugonjwa wa siliaki, ambao humfanya mtu adhurike utumbo anapokula ngano. Jambo moja ni muhimu sana hapa: kipimo cha damu cha siliaki huaminika tu iwapo mtoto anaendelea kula ngano, hivyo anayeiondoa kwanza na kupima baadaye anaweza kupewa jibu la kumpotosha.

Kuhusu kile kipimo cha vyakula 23, tazama juu ya karatasi yenyewe. Ukiona imeandikwa IgG, ambayo ni aina ya kingamwili, yaani protini za kinga za mwili, elewa kwamba kingamwili hizo hutokea kwa kawaida kwa mtu aliyekula chakula fulani. Zinaonyesha kwamba mwili umekutana nacho, wala hazionyeshi kwamba kinamdhuru. Jumuiya za madaktari wa mzio za Ulaya, Marekani na Kanada zimetoa matamko ya kupinga kipimo hicho kutumika kutambua mzio wa chakula. Si ajabu basi kwamba wali na ndizi, anavyokula kila siku, vimo katika orodha. Hata vipimo vinavyotambulika, yaani kudunga ngozi au kupima kingamwili za IgE, zile zinazohusika na mzio, havitoshi peke yake: matokeo yakiwa chanya kwa chakula ambacho mtoto anakila bila shida yoyote, hiyo si sababu ya kumnyima. Panapokuwa na utata, uamuzi hutolewa kwa kumlisha chakula hicho kidogo kidogo hospitalini, mbele ya wataalamu walio na dawa ya dharura mkononi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mkate na biskuti virudi. Wasiliana na daktari wake kwanza, kwa kuwa mtoto mwenye mzio akiachishwa chakula kwa muda mrefu anaweza kukipokea vibaya kinaporudi. Ila kwa wiki tatu, na kwa chakula alichokila miaka yote bila dhara, sitarajii daktari akukatalie. Muulize pia kama wakati umefika wa kupima upya mzio wa maziwa, kwa sababu watoto wengi huuacha wakikua, na baadhi huweza kula maziwa yaliyookwa sana ndani ya unga kabla hawajaweza kuyanywa. Usijaribu hilo nyumbani. Na kila unaponunua mkate au biskuti, hata zile ulizonunua mara mia, soma viambato upya, kwani watengenezaji hubadilisha mapishi bila kubadilisha sura ya pakiti, na maziwa hujificha nyuma ya majina kama kaseini, kazeinati na laktalibumini.

Sasa nizungumzie kinachonitia wasiwasi kuliko ngano. Wali, viazi, ndizi, mkate na biskuti vinampa mtoto nguvu, lakini havimpi protini ya kutosha, wala kalsiamu, chuma, vitamini A na vitamini D anavyohitaji. Madhara ya upungufu huo ni ya kweli. Majarida ya tiba yamechapisha visa vya watoto wenye usonji walioacha kutembea kwa maumivu ya miguu, wakazungushwa kwenye vipimo vingi, na mwishowe ikaonekana ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Omba mwanao apimwe uzito na kimo, ilinganishwe na chati yake ya nyuma, na damu yake ipimwe akiba ya chuma na vitamini. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8, mwongozo wa Marekani unataja miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na asiyekunywa maziwa hazifikii kwa urahisi. Kinywaji cha soya kilichoongezwa kalsiamu ndicho kinachokaribia maziwa kwa protini, iwapo soya haimdhuru. Cha mchele kina protini kidogo mno. Asipokubali chochote, mtaalamu wa lishe atachagua kirutubisho cha unga au cha matone, na hilo wala si kushindwa kwako.

Kuongeza vyakula kunataka subira ya namna yake. Namkumbuka mtoto mmoja aliyekula biskuti za mviringo peke yake. Siku moja, biskuti moja ilitoka kwenye pakiti ikiwa imevunjika. Hakulia, aliisukuma taratibu kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa meza, akairudisha mikono mapajani, akabaki anaitazama. Mama yake alidhani ni deko. Kwa mtoto yule, nusu ya biskuti ilikuwa kitu kigeni, nasi watu wazima tuliokuwa pale tulikuwa tunamtaka ale kitu kigeni.

Kwa mwanao ningeanza na viazi, kwa kuwa ndicho chakula chake chenye nafasi ya kugeuzwa. Mkatie vipande viwili vyembamba kidogo kuliko alivyozoea, uviweke pembeni ya sahani pasipo kusema neno, na vingine vyote vibaki vile anavyovijua. Akishavizoea, vipande viwili viwe vya kuokwa. Baadaye viwe viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, vilivyokatwa kwa umbo lile lile, ambavyo vitamletea vitamini A. Mbele zaidi, kipande cha kuku kisichozidi kidole chake, kilichokaangwa mpaka kikauke kama kiazi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ama umbo, ama rangi, ama ladha. Kuvumilia kipande kikae mezani ni hatua; kukigusa, kukinusa, kukilamba, hata kukiuma na kukitema, vyote ni hatua, na huenda akahitaji kukiona mara kumi na tano au zaidi kabla hajakimeza. Usimlazimishe, usimshike kidevu, wala usimwache na njaa ukitumaini itamfundisha, kwa maana wapo watoto wenye usonji ambao njaa haiwashindi. Chakula kipya kijaribiwe nyumbani, mchana, kimoja kimoja, na mafuta ya kukaangia yasiwe yaliyopikia kitu chenye maziwa au karanga. Ukiweza kumpata mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji, mwombe amtazame anavyotafuna, kwani wakati mwingine tunachokiita uchaguzi ni udhaifu wa misuli ya kinywa.

SWALI: Binti yangu ana miaka 4, ana usonji na hasemi kabisa. Ana mzio mkali wa korosho na tumepewa sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio. Nitajuaje kwamba mzio umeanza, wakati kulia na kujikunyata ni mambo ya kila siku kwake? Na mwezi ujao anaanza shule.
Baba anayeuliza

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ni zito na limeniumiza, kwa sababu mtoto mwingine angesema koo linawasha, na binti yako hawezi. Mtazame kwa kile kinachotofautiana na kawaida yake. Kukwangua ulimi kwa meno au vidole, kuvuta masikio, mate kumtoka ghafla, sauti kukwaruza, kukohoa mfululizo, vipele, kutapika, au mtoto mchangamfu kunyamaza ghafla na kukung'ang'ania, vyote hivyo vikitokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula vichukuliwe kuwa mzio mpaka ithibitike vinginevyo. Ishara za hatari ni zile za pumzi na za mzunguko wa damu: kukoroma au kuhema kwa shida, kupauka, kulegea, kuzimia.

Hapo mdunge adrenalini upande wa nje wa paja, papo hapo. Ukiwa katika shaka, dunga. Dawa za kawaida za kuzuia mwasho hazichukui nafasi yake. Mlaze chali na miguu iinuliwe, au umwache aketi ikiwa anahema kwa shida, na asisimamishwe wala kutembezwa. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, mpe sindano ya pili kama mnayo. Hospitali aende hata akionekana mzima, kwa kuwa mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kwa kuwa atashtuka na kurusha miguu, zoezeni kabla ya siku yenyewe kwa kifaa cha mazoezi kisicho na sindano: ashike, akibonyeze kwenye paja la mwanasesere, kisha kwenye lako. Kata pia picha ndogo za mdomo, koo na tumbo, umfundishe kugusa panapouma siku ambazo hana shida yoyote.

Shuleni, pamoja na meza ya chakula, kagua zawadi. Walimu wengi wa watoto wenye usonji huwatuza kwa vipande vya biskuti au peremende kila wanapofanya vizuri, na mkono wa mwalimu hupita kwa watoto kumi kabla ya kumfikia binti yako. Peleka boksi lake mwenyewe la zawadi. Ikiwa huweka mdomoni kila anachoshika, waulize unga wa kuchezea na vifaa vya ufundi vimetengenezwa kwa nini. Mikono ya wenzake ioshwe kwa sabuni na maji baada ya kula, kwani jeli ya kuua vijidudu haiondoi masalia ya chakula. Na sindano ikae mahali ambapo mtu mzima ataifikia bila kutafuta ufunguo.

SWALI: Mjukuu wangu ana usonji, na kinywaji chake ni juisi ya aina moja tu. Daktari amempa matone ya madini ya chuma. Je, tumchanganyie humo kimyakimya?
Bibi

JIBU: Shikamoo bibi. Nakuomba msifanye hivyo. Mtoto wa aina hii huonja tofauti ambayo wewe na mimi hatuionji, na akiigundua mara moja tu anaweza kuikataa juisi hiyo moja kwa moja, mkabaki bila kinywaji na bila dawa. Matone yawe na chombo chake, bomba dogo la sindano lisilo na ncha au kijiko cha rangi anayoipenda, saa ile ile kila siku, ayaone yanavyomiminwa, na juisi ifuate kwenye kikombe chake kama alivyoizoea. Kama ana mzio wowote, mwonyesheni mfamasia chupa na mmwombe awasomee viambato vyote, maana dawa na virutubisho vingine hubeba mabaki ya maziwa au soya. Akiyatema, mwambieni daktari, kwa kuwa chuma hupatikana katika ladha na maumbo zaidi ya moja.