Gari lina matairi mapya, ya baridi ya nini?

Ndugu zangu, mnauliza kwa nini mtu aliyehamia nchi ya theluji, tena kanunua gari lenye matairi mapya, aambiwe anunue mengine manne. Baadhi yenu mnahisi anaibiwa. Haibiwi.

Shida ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, kabla hata theluji haijaanguka. Tairi lililokakamaa halishiki lami: unakanyaga breki, gari linaendelea kwenda. La baridi lina mpira unaobaki laini, na uso wake umechanjwa chale nyingi nyembamba zinazong'ata theluji. Ulaini huo ndio unaolimaliza haraka wakati wa joto, kwa hiyo baridi ikiisha livuliwe.

Dukani, soma ubavu wa tairi. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye alama hiyo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (yaani matope na theluji, kwa Kiingereza) peke yake ni kauli ya mtengenezaji tu, na Ujerumani haikubali tena herufi hizo bila mlima tangu Oktoba 2024. Kisha tazama tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari ulioanza na herufi DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 3822 ni wiki ya 38 ya mwaka 2022. Tairi la mtumba lenye miaka minane liacheni, hata kama halijalika, maana mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Kuhusu kina cha mifereji, sheria ya Ujerumani inaridhika na milimita 1.6 na ya Sweden inataka 3 wakati wa baridi. Shikeni 4, chini ya hapo tairi linashindwa kuing'ata theluji.

Kosa linaloniuma zaidi ni kununua mawili na kuyafunga mbele, eti kwa sababu injini inavuta mbele. Mbele kunashika, nyuma hakushiki; kwenye kona mkia unachomoka na gari linazunguka. Pesa zikiwa haba, afadhali manne ya bei ya kati kuliko mawili ya ghali. Na mwenye gari linalovuta magurudumu yote asijidanganye: hilo humsaidia kuondoka, kusimama ni kazi ya matairi.

Saizi fuateni kitabu cha gari. Mkiweza, nunueni na rimu za pili, ili kila msimu mbadilishe gurudumu zima bila kung'oa tairi kwenye rimu. Mshale ulioko ubavuni uelekee gari linakokwenda. Nati zikazwe kwa kukingamana, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, halafu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwani hulegea rimu ikishakaa vizuri.

Upepo wa matairi nao hupungua kwa takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha upepo) joto linaposhuka nyuzi 10. Upimeni asubuhi, kabla gari halijatembea.