Mizinga ya Königsberg baada ya Rufiji

Umeuliza kama habari za manowari ya Kijerumani Königsberg ziliishia katika delta ya Rufiji. Meli yenyewe iliishia pale, lakini mizinga yake haikuishia pale, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kisa inayostahili kusimuliwa zaidi.

Baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa injini, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg nayo ilipata hitilafu ya mitambo na kujificha kati ya mikoko ya Rufiji. Waingereza walilazimika kuleta Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, ambazo, zikiongozwa na ndege zilizoangalia makombora yanaangukia wapi, ziliimaliza tarehe 11 Julai 1915.

Hata hivyo, Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10 ya milimita 105, wakaiundia magurudumu katika karakana za Dar es Salaam na kuikabidhi kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani Afrika Mashariki. Silaha zilizobuniwa kwa vita vya baharini zikaburutwa porini kwa nguvu za watu, na tusiwasahau wapagazi na askari Waafrika waliobeba mzigo huo. Mmoja wa mizinga hiyo umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.