Mbuzi Kwenye Karatasi ya Kura

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mtu anayempigia kura mnyama anaichezea demokrasia. Mimi nasema haichezei.

Mwaka 2017 nilikuwa ajenti wa mgombea mmoja wa uwakilishi wadi hapa Kisauni, Mombasa. Saa saba za usiku tulikuwa bado tunahesabu. Msimamizi wa kituo akakunjua karatasi, akaiinua tuione sote. Hapakuwa na alama mbele ya jina lolote. Pembeni palichorwa mbuzi kwa kalamu: pembe, ndevu, hata kamba shingoni. Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka, maana foleni ya alfajiri niliiona kwa macho yangu. Kina mama walijipanga tangu saa kumi, huku nyumbani wameacha mitungi mitupu. Mifereji ya mtaa ule ilikuwa na wiki tatu haijatoa tone. Aliyemchora mbuzi yule alisimama nao, akatiwa wino kidoleni kama wao. Mtu asiyejali angebaki kitandani.

Karatasi yake ikawekwa na zilizokataliwa.

Wabrazili walishatangulia. Oktoba 1959, kifaru jike aitwaye Cacareco, wa bustani ya wanyama ya São Paulo, alipata kura zipatazo 100,000 za baraza la jiji, akawapita wagombea wote. Mwaka 1988 sokwe Tião wa Rio de Janeiro akapigiwa kama 400,000 za umeya. Zote zilihesabiwa kuwa zimeharibika, lakini nchi nzima ilijua ni ngapi. Wakati huo kura ilikuwa ya karatasi. Kuanzia 1996 zilipoingia mashine, mtu akawa abonyeza nambari tu, na jina la mnyama likakosa pa kuandikwa.

Kwetu mlango ni mwembamba zaidi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe katika hesabu ya asilimia za urais. Basi mbuzi wa Kisauni ni sawa na hewa, na hilo linaniuma hadi leo.

India, mwaka huohuo wa 2013, iliwawekea wapiga kura mahali pa kusema kwamba hakuna mgombea anayewafaa, na idadi yao hutangazwa. Nataka mstari kama huo kwenye karatasi zetu kuanzia wadi hadi urais, na jumla yake isomwe kwa sauti kituoni, mbele ya maajenti wote, kama ya mgombea mwingine yeyote.

Msomaji, Kisauni