Riwaya imetoka, sasa iuze: kwa mwandishi anayeanza akiwa Kigoma

Mwenzangu unayesubiri maboksi ya riwaya yako ya kwanza yafike kutoka kiwandani, nguvu zako usizimalizie kwenye siku ya uzinduzi. Kitabu kinauzwa miezi inayofuata, ukumbi ukishafagiliwa.

Uzinduzi wenyewe ufanye, ila mgeni rasmi awe mtu aliyekisoma chote. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari anatosha kabisa. Mpe nakala mapema. Wewe soma kurasa mbili kwa sauti, zile zenye mabishano, ukatie pale mambo yanapochacha. Mimi nilisoma mama na mwanawe wakigombea shamba la michikichi. Nilipofunga kitabu, bibi mmoja wa Ujiji akaita kutoka nyuma, "Sasa mwanangu, shamba akapewa nani?" Watu wakacheka, kisha wakasogea mezani.

Tarehe ichague kwa kuangalia ziwa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika na hela inakauka mjini Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Mwanga. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi kama hicho hata mwenye duka la nguo anakiona. Tafuta siku za giza zinazoangukia mwisho wa mwezi, walimu na manesi nao wawe wamepata mishahara.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Huombwa kabla ya kuchapa; kama ilikupita, iombe kabla ya kuchapa tena.

Madukani ndipo penye kazi kubwa. Maduka ya vitabu na madaftari yatapokea kitabu chako kwa mali kauli, yaani yakulipe kikishauzwa, na hilo ni jambo jema, mradi uwe na daftari. Andika idadi, bei na tarehe, mwenye duka atie saini mbele yako. Kila mwisho wa mwezi pita, hesabuni pamoja zilizobaki rafuni, uchukue chako. Nenda kwa salamu na upole, lakini nenda. Duka lisilolipa usiliongezee mzigo, hata kama mwenyewe ni shemeji yako.

Kwenye WhatsApp usitume jalada kila asubuhi, watu watakuchoka. Rekodi sura ya kwanza kwa sauti yako, uweke na namba ya kulipia. Wa Kasulu au Kibondo akiagiza, kifunge kitabu kwenye nailoni kwanza kwa ajili ya mvua, na umtumie picha ya risiti ya basi kabla gari halijatoka stendi.

Baada ya wiki mbili mpigie aliyenunua. Usimuulize kama amekipenda, maana atakujibu kwa adabu tu. Muulize amefika wapi. Wengi watakwambia kitabu kimeazimwa, kiko kwa dada au kwa jirani. Omba namba ya huyo jirani.