Mleta uzi, jioni usishukie Stesheni ukiwa na ndege ya kuwahi. Shukia Pugu

Mkuu, kama hiyo tiketi ya treni ya kufika Stesheni hujailipia, acha. Kama umeshailipia, kaibadilishe leo, salamu tutapeana baadaye.

Umeandika hivi: Ijumaa unatoka Dodoma na SGR (treni ya reli mpya) inayoingia Dar, Stesheni ya mjini, saa 11:40 jioni, ndege yako ya nje inaruka saa 2:50 usiku, "nina saa tatu na ushee mkononi, na kutoka Stesheni hadi uwanja wa ndege ni kilomita 12 tu." Halafu ukauliza ushuke wapi, na usafiri wa kutoka hapo ukoje.

Hiyo "kilomita 12 tu" naijua vizuri. Ilinilaza kwenye kiti cha chuma TB3, jengo la tatu la uwanja, la ndege za nje, nikikumbatia begi, ndege ikiwa imeshaondoka na siti yangu ikiwa tupu.

Kwanza hizo saa tatu huna. Kwa safari za nje, kaunta za mashirika mengi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuruka. Ndege ya saa 2:50 kaunta inafungwa saa 1:50. Kwa hiyo kuanzia saa 11:40 una saa mbili na dakika kumi, na hapo treni imefika kwa dakika yake. Toa dakika 20 au 30 za kushuka, kufuata umati hadi nje ya jengo na kumpata dereva ambaye anakwambia "niko hapa hapa getini" kumbe yuko Mnazi Mmoja. Treni ikichelewa nusu saa, unabaki na saa moja na kidogo. Na ni saa moja ya Ijumaa jioni, Barabara ya Nyerere, upande wa kutoka mjini.

Hapa ndipo watu wote tunapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Foleni ya Dar ina upande. Asubuhi jiji linaingia mjini, jioni jiji linarudi nyumbani. Gongo la Mboto, Ukonga, Kitunda, Chanika, Pugu, kote huko watu wanarudi kwa barabara moja, hiyo hiyo ya Nyerere. Uwanja wa ndege uko katikati ya njia yao. Ukitoka Stesheni saa 12 jioni kwenda uwanjani, unaingia kwenye msafara wa kila mtu anayekwenda kulala. Utasimama Kamata, utasimama Veta, utasimama Tazara. Usiniambie habari ya flaiova. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018 na kweli limesaidia, maana Nyerere inapita juu bila kusubiri malori ya bandarini yanayopita Barabara ya Mandela. Ila daraja linakuvusha makutano hayo tu, halafu linakutua kwenye foleni iliyo mbele yake. Ikinyesha ndiyo usiseme. Jangwani ikijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa, magari yanatafuta njia nyingine, na nyingine ndiyo hiyo uliyopo wewe na masanduku yako.

Sasa angalia reli. Kutoka Stesheni hadi Pugu ni kilomita 19. Uwanja wa ndege upo kilomita kama 12 kutoka katikati ya mji, kwenye uelekeo huo huo. Maana yake treni yako inafika Pugu kwanza, inapita jirani na uwanja, inakubeba hadi mjini, kisha wewe unalipa teksi ikurudishe ulikotoka, tena pamoja na foleni. Ni sawa na kutoka Kibaha kwenda Mbezi ukapitia Kariakoo.

Ukishuka Pugu jioni, unakwenda uwanjani ukielekea mjini, yaani kinyume na foleni. Ni kama kilomita nane hadi kumi: Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, umefika. Fundo ni moja tu, Gongo la Mboto penyewe, kwa sababu ya daladala, bodaboda na wauza nyanya wanaogombea ukingo wa lami. Weka dakika 40 kwa usalama. Hata ukiongeza 20 za bahati mbaya, unakuwa kaunta kabla ya saa moja na nusu.

Kanuni nimeilipia mwenyewe, wewe ichukue bure: usisafiri upande ambao wafanyakazi wanasafiri. Jioni shukia Pugu. Treni yako ingekuwa inaingia asubuhi, ningekwambia kinyume chake: shukia Stesheni, maana hapo kutoka mjini ndiko kweupe na Gongo la Mboto ndiko kumejaa. Ukitua na ndege ukataka treni, kanuni ni ile ile. Asubuhi pandia Pugu, jioni pandia Stesheni. Usipime kilomita, pima watu wanaelekea wapi.

Aliyeniharibia ni wakala wa tiketi, jina nalihifadhi. "Kaka, SGR imeunganishwa na airport, ni dakika 25." Imeunganishwa na nini? Hizo dakika 25 aliziona kwenye ramani ya simu saa 10 alfajiri, akaniuzia kama za Ijumaa jioni. Nilipompigia akaniambia "pole, ungetoka mapema." Nilitoka Dodoma, ndugu yangu, si Buguruni! Tofauti ya nauli ya kubadilisha ndege ingeninunulia mbuzi wa sherehe nzima, na ningebaki na ngozi.

Watu wanachanganya SGR na treni ya mjini, na humu ndani wapo wanaosambaza huo mkanganyiko kwa kujiamini. Treni ya mjini inayokwenda uwanja wa ndege, kama zilivyo kwenye miji ya wenzetu, inasimama kila baada ya umbali mfupi, milango mipana, sakafu usawa wa jukwaa, unavuta sanduku tu. SGR ni treni ya safari ndefu, imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, kufunga breki bila kumwaga abiria kunahitaji zaidi ya kilomita moja. Haiwezi kuwa inasimama Vingunguti, Karakata na Banana kama treni ya mjini. Uwanjani hakuna kituo. Pugu ndiyo ya karibu uliyonayo.

Sasa namna ya kushuka Pugu bila kujiaibisha.

Hakikisha treni inasimama Pugu. Hili ni kubwa. Treni za haraka huruka vituo vidogo, na huwezi kumgongea dereva dirisha. Kata tiketi ya treni ya kawaida, na kwenye tiketi iandikwe Pugu. Nauli zilizotangazwa 2024 zilikuwa Dar–Dodoma 31,000 kwa daraja la kawaida na Dar–Pugu 1,000, kwa hiyo usitegemee kuokoa hela hapa, unachookoa ni ndege. Kama tiketi yako tayari imeandikwa Dar na treni inasimama Pugu, mwambie mhudumu wa behewa mapema kwamba unashuka njiani.

Soga, kituo kilicho kabla ya Pugu, ndiyo saa yako. Soga hadi Pugu ni kilomita 32. Treni ikiondoka Soga, simama, teremsha masanduku, sogea mlangoni, na hapo hapo mpigie dereva. Treni haikai Pugu ikisubiri mtu anayetafuta kiatu chini ya kiti. Niliwahi kuona mzee ameshuka yeye, begi lake likaenda mjini bila yeye. Begi halikuwa na ndege, kwa hiyo halikuwa na haraka.

Dereva mpange tangu jana yake. Pugu si Stesheni, hukuti teksi zimepanga foleni zinakuita bosi. Tafuta mtu wa Gongo la Mboto au Ukonga, anaijua njia ya kuingia kituoni na yuko karibu. Bei kubalianeni kabla, kwa simu, kabla hajaona ukubwa wa sanduku lako. Chukua gari lenye buti. Bajaji na masanduku mawili kwenye vumbi la Pugu, utafika kaunta umefanana na mkaa. Mwendokasi wa awamu ya tatu umejengwa kufuata Nyerere hadi Gongo la Mboto, lakini basi la abiria wa kusimama halina pa kuweka sanduku la kilo 23. Na mwambie dereva "TB3", usiseme "uwanja wa ndege" tu, vinginevyo atakushusha kwenye jengo la pili la ndege za ndani.

Jambo la mwisho ni saa. Tiketi ya ndege inaandika 20:50, ya treni inaandika 17:40, na wewe kichwani una saa 2:50 na saa 11:40. Ziandike zote kwa mtindo mmoja kwenye karatasi moja, uhesabu kuanzia ndege kurudi nyuma. Ndege 2:50 usiku. Kaunta inafungwa 1:50. Uwe mlangoni TB3 saa 12:30 jioni, ukikosa sana saa moja. Uwe umeondoka Pugu 11:45. Kwa hiyo treni ya kuingia Pugu dakika 20 kabla ya hiyo 11:40 yako ya Stesheni inakutosha kwa kubana, na ile iliyo kabla yake inakutosha ukiwa unapiga mluzi. Chukua iliyo kabla yake.